Jiwe Lililoishia TU

Shemeji yangu tunamwita Tindo, kwa sababu ya kile chuma cha ncha bapa anachochongea mawe. Jina hilo nilimpa mimi. Vitu vingi vya maana katika maisha ya mtu huyu nilimpa mimi: jina, herufi, na mke. Mke alikuwa dada yangu, na siku Tindo alipokuja nyumbani kwetu mara ya kwanza, ana vumbi la mawe mpaka kwenye kope, mimi ndiye niliyefungua mlango nikamwambia dada, "Kuna sanamu hapa inakuulizia." Dada alicheka. Mwanamke akishacheka kazi imebaki ndogo. Kwa hiyo nasema nilimpa.

Mimi ni mchora vibao. Ukiona kibao cha kinyozi chenye kichwa kinachocheka, au cha duka la dawa chenye nyoka mwenye macho mawili upande mmoja, ujue umeiona kazi yangu. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, kama shemeji anavyowaambia watu. Niliona tu mwalimu amebakiza mambo madogo madogo, nikawaachia wenzangu. Karakana yangu na uwanja wa Tindo vinagawana ukuta mmoja. Upande wangu unanuka rangi, upande wake unanuka jiwe lililolowa. Mimi nikikosea napaka juu, naanza upya. Yeye akikosea, kosa linakaa mpaka siku ya mwisho ya dunia, siku ambayo yeye anasema hana taarifa nayo.

Kazi yake ni kuandika mawe ya makaburi. Alianza kwa kukata mawe ya kutandaza njiani, na wakati ule hakujua kuandika zaidi ya jina lake. Nikawa namchorea herufi kwenye karatasi, kubwa, zenye mikia, naye anazifuata kwa tindo na nyundo. Jiwe la kwanza tulilolifanya pamoja liliagizwa liandikwe PUMZIKA KWA AMANI. Mteja alipokuja kulichukua akasoma PUMZIKA KWA AMINI. Nani alikosea kati ya aliyechora na aliyechonga ni habari ya zamani, sioni faida ya kuifufua. Jiwe lilikataliwa. Tukalilaza juu ya matofali mbele ya kibanda chake likawa benchi, na mpaka leo tunalikalia tukinywa chai, maandishi yakitazama juu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba Tindo hajawahi kuwa na imani. Anaikalia kila siku saa nne asubuhi.

Baada ya aibu ile alijiwekea kanuni: maneno ni ya mteja, herufi ni za fundi. Akanunua daftari. Kila mteja anaandika maneno yake humo kwa mkono wake, anatia saini, na Tindo hachongi hata nukta ambayo haimo daftarini. Mtu akiandika kwamba baba yake alikuwa mpole, na mtaa mzima tunakumbuka mzee yule alivyokuwa akirusha viti, Tindo anachonga MPOLE kwa herufi safi na kupiga msasa. Neno lililoagizwa zaidi kuliko yote, miaka thelathini sasa, ni moja: TUTAONANA. Watu wanalipenda. Halihitaji maelezo, na kila mtu hulisema kila siku mlangoni bila kulifikiria. Tindo amelichonga mara nyingi mpaka analipima kwa jicho: herufi tisa, mstari mmoja, O katikati kabisa kama kitovu.

Yeye mwenyewe halisadiki. Si mbishi, wala si mtu wa dhihaka, dhihaka ni idara yangu. Ukimuuliza kama kuna maisha baada ya haya, anafuta vumbi kwenye jiwe na kusema, "Sijasema hakuna. Nimesema sijaona." Hapo ndipo alipo tangu ujana, hajasogea mbele wala nyuma. Mteja mmoja, mtu wa ibada sana, alimkalisha kwenye benchi letu akamuuliza kama amewahi kuuona upepo, na kama hajauona mbona anauamini. Tindo akamjibu kwamba upepo ulimng'olea mabati matatu mwaka juzi, kwa hiyo wanafahamiana. Mteja akaaga.

Mimi nilimshauri afanye kama mimi. Mimi naamini yote. Naamini ndoto, naamini jicho likicheza, naamini anachosema kila mtu mwenye kitabu mkononi na sauti nzito. Sitaki nifike huko niambiwe kulikuwa na kitu kimoja tu ulichotakiwa kukiamini, na ndicho ulichokiruka. Shemeji akaniambia hiyo si imani, hiyo ni kununua kila tikiti.

Dada yangu yeye alikuwa mtu wa sala kweli. Alfajiri ilimkuta macho, katika pembe yake ya chumba, na Tindo ndiye aliyemsugulia sakafu ya pembe ile kwa jiwe la msasa mpaka ikalainika, magoti yasimuume. Hawakuwahi kugombana juu ya mambo hayo. Nilijaribu kuwagombanisha, kwa nia njema, nikashindwa. Dada alikuwa akimwambia, "Wewe baki na mawe yako. Mimi nitatangulia nikushikie nafasi." Na Tindo anajibu, "Ukikuta foleni ndefu, rudi." Kisha wanakula.

Mwaka jana figo zilimwangusha dada. Alilazwa wiki tatu katika wodi ya wanawake, kitanda cha pili kutoka dirishani. Tindo alifunga kazi kila siku saa tisa, akanawa mpaka viwiko, akaenda na chupa ya chai na bakuli, akakaa naye kuanzia saa kumi mpaka kengele ya saa kumi na moja ilipolia. Siku ya ishirini na moja alirudi kama kawaida akaniambia mgonjwa ana nafuu, ameuliza habari za mabati. Alfajiri yake simu ikapigwa.

Sitaeleza siku zile. Nitasema tu kwamba kibao cha mbao cha kuweka kaburini kwa muda nilikiandika mimi, na ndiyo herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, nazo hazikuwa na mikia.

Binti yao ni mwalimu wa shule ya msingi, saa mbili kwa basi kutoka hapa, na sisi nyumbani tunamwita hivyohivyo, Mwalimu. Kwenye maombolezo alikutana na mama mmoja aliyelazwa kitanda cha jirani. Mama yule akamwambia neno la mwisho alilolisikia kwa marehemu, jioni ile Tindo alipokuwa akiondoka: alimtazama mumewe akamwambia, "Tutaonana." Hakuongea tena mpaka asubuhi. Mwalimu aliposikia hivyo hakutaka kingine. Akamwomba baba yake, hilo ndilo liwe neno la kwenye jiwe.

Tindo alikubali. Alikuwa na bamba moja la jiwe jeusi alilolificha nyuma ya kibanda miaka na miaka, wateja wakilitaka anawaambia lina ufa. Halikuwa na ufa. Akalitoa, akachonga jina la dada, akachonga mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki. Chini yake akapiga mstari wa penseli, akagawa nafasi tisa. Akachonga T. Akachonga U. Akaweka nyundo chini.

Nilidhani anakwenda kunywa maji. Jiwe lilikaa hivyo miezi saba.

Sasa fikiria mwenyewe. Bamba zuri jeusi limeegemezwa ukutani, mbele ya kila anayeingia, lina jina la mtu, miaka miwili, na chini yake: TU. Penseli ilifutika wiki ya pili. Mteja mmoja alisimama akasoma kwa sauti, akamuuliza Tindo kama marehemu hakuwa na sifa yoyote, kazaliwa, kafariki, tu. Mwingine alidhani ni mtindo mpya akasema amependa, hauna makuu, naye achongewe hivyo. Tindo akaendelea kugonga jiwe jingine. Mimi nilipomuuliza aliniambia mkono umechoka, na huku mkono huohuo ulikuwa ukichonga mawe ya watu wengine tangu asubuhi.

Mwalimu kila akipiga simu baba yake alimwambia jiwe liko njiani. Mwisho wa mwezi wa saba wa kungoja akaja bila kuarifu. Nilikuwa juu ya ngazi upande wangu, na ukuta wetu ni mfupi, kwa hiyo yaliyosemwa niliyasikia bila kujitahidi sana.

Alisimama mbele ya lile jiwe akaweka mkoba chini. "Baba," akasema, "mama yangu si tu."

"Najua."

Akamuuliza kulikoni, neno amelichongea nusu ya mji, watu asiowajua, na kwa mkewe mwenyewe mkono umekuwa mzito. Tindo akamweleza polepole, kama mtu anayebeba kitu kinachoweza kuvunjika. Wale walikuwa wateja, akasema, maneno yalikuwa yao. Jiwe hili ni lake. Akiandika hapa kwamba wataonana, aliyesema ni yeye, na yeye hajui kama wataonana. Na dada, alivyoelewa yeye, hakuwa na maana kubwa jioni ile. Alimaanisha kesho saa kumi. Kila siku walikuwa wakiagana hivyo.

Mwalimu akamwambia kwamba mama yake alijua anakufa, na alijua anachosema. Tindo akasema labda. Neno hilo la labda ndilo lililoharibu. Mwalimu akachukua mkoba wake. Alisema amepita kaburini, kibao kimepauka kwa jua, herufi mbili za mwisho za jina hazisomeki, na msimamizi wa makaburi amemwambia mvua zikianza vibao vyote vinang'oka na safu zile zinafanana. Hatakubali mama yake apotee. Atakwenda kwa yule jamaa wa mashine karibu na soko, aandikiwe jiwe mchana mmoja, na Jumamosi ya wiki ijayo litasimamishwa. "Hilo lako utabaki nalo," akasema. Akatoka. Hakuaga, na yule mtoto huaga hata kuku.

Nataka uelewe uzito wa jambo hili. Jamaa wa mashine ana kifaa kinachochonga chenyewe, yeye anakula karanga pembeni. Herufi zake zote zinafanana kama vifungo. Mke wa Tindo kulala chini ya jiwe la mashine, ni sawa na mke wa mwokaji kuzikwa na mkate wa jirani. Na zaidi ya jiwe, alikuwa anampoteza mtoto. Tindo alikaa kwenye benchi siku nzima bila kugusa chombo.

Kesho yake saa nne niliruka ukuta, kwa umri wangu, na chai mkononi. Nilikuwa nimelala na jambo hilo, na jambo likilala na kichwa kama changu linaamka limekwisha. Nikakaa juu ya AMINI, nikamwambia, "Shemeji, shida yako si jiwe. Shida yako ni hilo TA."

Akanitazama.

Nikachukua penseli nikamfundisha, jinsi nilivyofundishwa kabla sijawaachia wenzangu. TU limeshachongwa, hilo tumwachie Mungu. Lakini TA ni la mambo yajayo, na yajayo wewe huyajui. Litoe, weka LI. TULIONANA. Herufi ni tisa zilezile, na O haijasogea hata nywele.

Niliona limemwingia. Tulionana ni kweli, hakuna wa kubisha, miaka thelathini na moja, na mimi shahidi niliyefungua mlango. Akainuka akapiga mstari, akachora LI kwa penseli, akarudi nyuma kulitazama. Mimi sikungoja rangi ikauke. Nikampigia Mwalimu simu, nikamweleza nilivyoiokoa familia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mjomba, hilo nalifundisha darasani. LI ni la tendo lililokwisha. Unataka mama afungiwe mlango?"

Nikamwambia shemeji tufute. Akafuta kwa kidole gumba bila kuuliza, maana alikuwa amesikia. Nikaleta TUKIONANA. Herufi tisa. Akasema, "Tukionana, halafu? Sentensi haijaisha. Watu watasimama pale makaburini wakingojea." Nikaleta TUNGEONANA. Akahesabu, kumi, halafu lina majuto. Hapo ndipo nikatoa lile nililolificha kwa ajili ya mwisho, kwa sababu fundi mzuri haanzi na rangi ya dhahabu. TUONANE. Nikamweleza kwamba hilo halisemi watu wataonana wala hawataonana. Linaomba. Hata asiyejua lolote anaruhusiwa kuomba.

Bado nasema lilikuwa neno zuri. Alilichora. Ni herufi saba, na TU ilikuwa imekaa mahali pa neno la herufi tisa, kwa hiyo upande wa kulia ulibaki uwazi. "Limeegemea kushoto," akasema, "kama mlevi." Lakini hakulifuta mara moja. Alilitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na yeye hakusema hivyo."

"Alisema tutaonana," nikamwambia. "Habari hiyo tunayo miezi saba. Wewe ulimjibu nini?"

Niliuliza kwa uchokozi tu, kama kawaida yangu. Lakini Tindo alikaa, akaanza kukwangua vumbi kwenye A ya AMINI kwa ukucha.

Akaniambia kengele ilikuwa imeshalia, muuguzi anawatoa watu. Yeye alikuwa akifunga chupa ya chai, na kifuniko kimekataa, kinazunguka hakishiki. Ameinama nacho. Dada akasema tutaonana. Naye, bila kuinua uso, akasema, "Haya."

"Haya tu?"

"Haya tu. Nilikuwa nahangaika na kifuniko."

Akaendelea, na mimi sikumkatiza, ingawa hayo si mazoea yangu. Akasema kama dada alimaanisha kesho saa kumi, basi haya inatosha, hakuna ubaya. Lakini kama alimaanisha lile jingine, basi mkewe alimpa ahadi kubwa kuliko zote, naye akamjibu kama anavyomjibu muuza nyanya. Kila akinyanyua nyundo achonge TA, analiona hilo. Si kwamba haamini tu. Hata jibu hakumpa.

Nilikunywa chai, ilikuwa imepoa. Nikatafuta la kusema, na mimi huwa natafuta kwa haraka, ndiyo maana mengine yanatoka mabaya. Nikamwambia, "Wewe kila jioni ukifunga banda unaniambia tutaonana kesho. Hiyo kesho umeiona wapi?"

"Kesho huwa inakuja."

"Kwake haikuja."

Nilitamani kulirudisha. Lakini hakukasirika. Aliligeuzageuza, kama anavyogeuza bamba jipya kutafuta upande wa kuchonga. Kisha akasema, "Kwa hiyo hata ile ndogo, ya kesho saa kumi, alikuwa haijui."

"Nani anaijua, shemeji? Tunasema tu."

Akageuka akalitazama jiwe, pale lilipoishia.

Baadaye aliinuka, akafuta mikono kwenye suruali, akaingia kibandani. Nilidhani amekwenda kulala. Akatoka na daftari la wateja. Akalifungua ukurasa mpya, akaniuliza, "Jiwe hili mteja ni nani?"

Nikamwambia si ni wewe, umesema mwenyewe hata kwa binti yako.

"Ndivyo nilivyodhani," akasema. Akaandika jina la dada mahali pa jina la mteja. Mahali pa maneno akaandika Tutaonana. Miaka yote hiyo, ni mara ya kwanza nimemwona akiandika humo kwa niaba ya mtu. Halafu akanipa kalamu, akaniambia nitie saini kwa ajili ya dada yangu, kwa kuwa mimi ndiye damu yake niliyepo. Nikatia saini, na saini yangu ukiiona utadhani ni ya waziri.

Akachonga. Herufi saba zilizobaki, kuanzia saa tano mpaka jua lilipolegea. Mimi sikwenda upande wangu, kibao cha mtu kikakauka nusu. Alipomaliza A ya mwisho akamwaga maji, akafuta, neno likakaa pale kama lilikuwa ndani ya jiwe tangu zamani. Nikainuka kumpongeza. Lakini hakuosha vyombo. Akapiga mstari mwingine mdogo, chini, upande wa kulia, pale ambapo mafundi wengine huweka alama yao, na ambapo yeye hajawahi kuweka chochote. Akachora herufi nne ndogo. HAYA.

Nikamwambia aangalie, hilo neno lina pande mbili. Mtu asiyejua habari atapita asome haya ya aibu.

"Nayo ipo," akasema, akapiga nyundo.

Jumamosi Mwalimu akaja. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu apite uwanjani kwanza kabla ya kwenda sokoni, na sikumwambia kwa nini, jambo lililonigharimu nguvu nyingi. Akaingia akiwa amejiandaa kugomba, mkoba begani. Akasoma. Akachuchumaa, akapitisha kidole ndani ya herufi moja moja, kubwa zote, kisha zile ndogo.

"Na hii haya ni ya nani?"

"Yangu," Tindo akasema. "Ndiyo niliyomjibu."

Mwalimu akainuka, akapangusa vumbi la jiwe kidoleni. Halafu akamuuliza, bila ukali, kama sasa anaamini.

Tindo akasugua kidevu chake. "Sijaona," akasema. "Siwezi kukuapia kwamba naamini, mwanangu. Lakini mama yako alisema vile, nami nilisema haya. Hayo naweza kuyaapia yote mawili."

Niliogopa kwamba litakuwa dogo kwake. Yeye alikuja kutafuta baba anayesadiki, akapewa baba anayesema haya. Aliendelea kulitazama jiwe, kama anavyotazama daftari la mwanafunzi akiamua alama. Mwishowe akasema H imelala kidogo. H haikulala hata kidogo, mimi nimeipima. Mama yake naye alikuwa hivyohivyo, akipenda kitu lazima akitafutie kasoro. Akatoa simu akampigia jamaa wa mashine, akamwambia jiwe limepatikana.

Tulilisimamisha siku ileile. Tindo alichanganya saruji mwenyewe, akaweka pima maji juu ya jiwe mara tatu, mbele na pembeni. Mwalimu alishika ndoo. Mimi nilisimamia, kwa sababu kila kazi inahitaji mtu wa kusimama. Kile kibao changu nilikichomoa, na mgongoni kilikuwa bado kizuri. Kimebaki karakanani, sijakipaka rangi nyingine. Mvua zilianza Jumatano.

Tangu hapo wateja wawili wameshapita kaburini wakaja kumtaka Tindo awachongee na wao hiyo haya ya pembeni. Anawaambia haipo. Na wale wa ibada wanaojua mambo yake wanasema moyo wake umefunguka, wasio wa ibada wanasema amelegea kwa ajili ya mtoto. Nilimpelekea maneno ya pande zote mbili, kwa uaminifu. Akaniambia nimpishe, nakanyaga penseli yake.

Lakini kuna jambo nililiona mimi peke yangu. Siku ile ya jiwe, baada ya makaburini, tulimsindikiza Mwalimu mpaka kituo cha basi. Tindo alikuwa na ndoo mkono mmoja, mwiko na nyundo mkono wa pili, saruji imemkaukia mpaka kwenye nyusi, tena sanamu ileile. Basi likaja. Binti akapanda ngazi ya kwanza, akageuka, akamwambia, "Tutaonana, Baba."

Kondakta alikuwa anagonga bati, watu wanasukumana nyuma. Tindo akainama akaweka ndoo chini. Akaweka mwiko, akaweka nyundo. Akainua uso, akamtazama mtoto wake, akalisema neno lote. Nilihesabu kwa vidole nikiwa nyuma yake. Herufi zote tisa.